Mkebe wa Bibi Sugra

Ungemwambia nini mtu ambaye hajakuuliza kitu?

Leticia alikuwa ameliandika swali hilo kwa wino mweusi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, na chini yake akaacha mistari mitupu hadi mwisho wa ukurasa. Aliyelitoa ni mwinjilisti Fanueli, siku ya kwanza ya mafunzo ya ushuhuda kwa vijana wa usharika wao wa Nguvumali, na baada ya kulitoa hakulijibu. Alitabasamu tu, akafungua boksi lililokuwa miguuni pake, akamgawia kila kijana kifurushi cha vipeperushi mia moja.

"Jibu mtakutana nalo njiani," alisema. "Jumapili ya mwisho wa mwezi mrudi hapa na ushuhuda. Nitakayeona ameifanya kazi hii kwa bidii kuliko wenzake ndiye atakayeongoza safari yetu ya kuhubiri Tongoni."

Leticia aliitaka safari hiyo, na hapana haja ya kumfichia. Babu yake aliteremka kutoka milima ya Usambara kuja kukata mkonge, akiwa na panga mkononi na kitabu cha nyimbo kwenye mfuko wa shati, na tangu utotoni Leticia alikuwa akiamini kwamba siku moja zamu yake ya kubeba kitu cha thamani kwenda mahali fulani itafika. Lakini miaka miwili ya chuo kikuu, Dar es Salaam, ilikuwa imemtia wasiwasi. Kule aliishi katikati ya watu wa kila imani na watu wasio na imani yoyote, watu wema, wacheshi, waliomwazima vitabu na kumuuguza alipopata malaria, nao walikubaliana juu ya jambo moja: dini ni kama kitanda cha bweni, kila mtu alalie chake na asimpandie mwenzake. Kila alipotaka kusema neno juu ya Yesu, mdomo ulimkauka. Aliona aibu, kisha akaona aibu kwa kuona aibu.

Likizo hiyo alikuwa amepata kibarua katika duka la vifungo la Bibi Sugra, kule Ngamiani. Aliyempeleka ni mama yake, Bertha, fundi wa sare za shule aliyekuwa mteja wa duka lile kwa miaka ishirini. Bibi Sugra alikuwa amefanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, na daktari alimwamuru asiiname kwa mwezi mzima: asifagie, asiokote kitu, asinyanyue mzigo.

"Na asigombane na watu," aliongeza mjukuu wake Shaista, "lakini hilo la mwisho amelikataa."

Duka lenyewe lilikuwa chumba chembamba chenye visanduku vya mbao kuanzia sakafuni hadi darini, na mbele ya kila kisanduku kimebandikwa kifungo kimoja kuonyesha kilichomo ndani. Bibi Sugra alikaa katikati ya vifungo hivyo ndani ya rida yake ya zambarau, lile vazi la vipande viwili ambalo wanawake wa madhehebu ya Kiislamu ya Kibohora hawalivui wakitoka nje, na miwani myeusi aliyopewa hospitalini ilimfanya aonekane kama mkuu wa usalama.

"Shikamoo, Bibi," Leticia alisema siku ya kwanza.

"Marahaba. Wewe ndiye binti wa Bertha. Unajua kutofautisha hiki na hiki?"

Katika kiganja chake kulikuwa na vifungo viwili vyeupe. Leticia alivitazama kwa muda mrefu. "Hapana, Bibi. Naviona sawa."

"Vizuri. Wanaojidai kujua ndio hunisumbua. Hiki ni cheupe cha maziwa, hiki ni cheupe cha pembe. Ukichanganya, shati la bwana harusi litanirudia."

Kazi ya pili aliyofundishwa ilikuwa ya karatasi. Bibi Sugra hakupenda mifuko ya plastiki hata kabla serikali haijaipiga marufuku. Vifungo vyake vilifungwa kwenye vifuko vidogo vya karatasi, na karatasi zilitoka kwenye madaftari ya shule yaliyokwisha, yaliyonunuliwa kwa kilo. Lakini kabla ya kukunja, kila ukurasa ulisomwa mbele na nyuma.

"Jina la Mungu haliendi chini," Bibi Sugra alisema, na safari hii hapakuwa na mzaha katika sauti yake. "Liwe limeandikwa kwa Kiarabu, kwa Kigujarati, kwa Kiswahili, kwa lugha ya mtu yeyote. Mtoto kaandika insha, katikati kasema anamshukuru Mungu kwa kumpa mama. Karatasi hiyo haifungi vifungo. Unaiweka humu."

Alimwonyesha mkebe wa bati, wa biskuti za zamani, wenye picha ya farasi aliyefutika miguu. Kila mwaka, siku chache kabla ya Ramadhani, mwanawe Juzer, baba yake Shaista, aliubeba mkebe huo hadi Raskazone, akakodi mashua ndogo, na kuzizamisha karatasi zote baharini. "Majini hakuna anayezikanyaga," alimaliza.

Leticia aliitikia kwa adabu. Aliona ni desturi nzuri, ya watu wengine, kama mtu anavyoyaona mapazia ya sebule ya jirani. Hakufikiri hata mara moja kwamba inamhusu yeye.

Kulikuwa na desturi nyingine. Kila mteja, awe amenunua vifungo sita au gurusi nzima ya vifungo mia na arobaini na vinne, aliongezewa kimoja bure ndani ya kifuko. Bibi Sugra alikiita cha akiba, kwa sababu kimoja lazima kitadondoka.

"Hata asipoomba?" Leticia aliuliza.

"Hakuna anayeomba. Nani anajua leo kitakachompotea kesho?"

Basi maisha ya dukani yalimkalia vizuri. Mara tatu kwa siku alimtia Bibi dawa jichoni. Mchana alipandishwa ghorofani kula pamoja na familia, wote wakizunguka sinia moja. Na Shaista, waliyesoma naye chuo kimoja na kukaa naye bweni moja, alishuka ngazi kila baada ya saa moja kuja kulalamika juu ya mtihani wake wa marudio. Shaista hakuwa mgomvi wa dini. Alisema yeye ameiacha kama watu wanavyoacha sukari kwenye chai. Siku moja aliisahau, akaona chai inanyweka vilevile.

Huyo ndiye Leticia aliyemjaribu kwanza. Alimvizia kwenye ngazi, akavuta pumzi kama walivyofundishwa. "Shaista, umewahi kujiuliza, kama leo ungekufa..."

"Leti," Shaista alisema, "nimebeba beseni la nguo mbichi. Nikifa sasa hivi, chanzo ni wewe."

Wakacheka wote wawili, na habari ikaishia hapo. Vipeperushi mia moja vilibaki ndani ya mkoba. Kwenye kundi la simu la vijana, Godlisten aliandika kwamba amemaliza vyake vyote stendi ya mabasi kwa asubuhi moja. Leticia alisoma ujumbe ule akiwa anakunja vifuko, na wazo likamjia, jepesi, kama limetoka mbinguni.

Kipeperushi kilikuwa kidogo, cha rangi ya samawati, chenye aya nne za wokovu na jina la Yesu kwa herufi kubwa juu. Kikikunjwa mara mbili kilikaa kabisa chini ya kifuko, na vifungo juu yake. Mteja angekikuta nyumbani, peke yake, bila aibu, bila mabishano. Nani ajuaye mlango ambao karatasi ndogo inaweza kuufungua? Siku ya kwanza alitia vitano. Siku ya pili kumi na moja. Alipokuwa akitia, alisali kimoyomoyo, na sala hiyo ilikuwa ya kweli. Hilo nalo lazima lisemwe. Alitia kwa mama wa Raskazone aliyekuja na bajaji kununua zipu moja. Alitia kwa mafundi, kwa mabibi harusi, kwa mwalimu wa madrasa aliyetaka vifungo vya kanzu. Mwisho wa wiki ya tatu alikuwa ametia themanini na vitatu, na katika daftari alikuwa ameandika ushuhuda wake wa Jumapili, kurasa mbili, uliopangwa vizuri.

Ijumaa mchana Bibi Sugra alipanda ghorofani kuswali. Leticia, akikagua daftari la mtoto wa darasa la tatu, alikuta sentensi inayomshukuru Mungu kwa mvua. Aliuchukua mkebe wenye farasi, ambao kwa kawaida Bibi mwenyewe ndiye aliyeufungua, akafunua kifuniko.

Chini ya karatasi mbili za juu kulikuwa na rundo la samawati lililofungwa kwa lastiki ya sketi.

Alilitoa. Vilikuwa vipeperushi vyake, zaidi ya hamsini. Kila kimoja kilikuwa kimekunjuliwa, kimefutwa tope kwa kitambaa chenye maji, kimekaushwa na kunyooshwa. Vingine vilikuwa vimebaki na alama ambazo hazikutoka: meno ya soli ya kandambili juu ya neno wokovu, doa la mafuta ya cherehani, ukingo uliooza kwa maji. Kimoja kilikuwa kimepasuka katikati ya jina la Yesu, na mtu alikuwa ameunganisha pande mbili kwa utepe mwembamba wa gundi, kwa uangalifu mkubwa, herufi zikikutana.

Nje, barazani, fundi Masoud alikuwa anaendesha cherehani yake. Alikuwa amekaa hapo miaka mingi kiasi kwamba wateja walimhesabu kama sehemu ya duka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, msomi. Mbona umepauka kama bitana?"

Leticia alimwonyesha rundo. "Hizi nani aliziokota?"

"Unadhani nani? Mimi, na goti hili?" Masoud aliondoa mguu kwenye pedeli. "Mteja akitoka humo anafungua kifuko hapa hapa mezani pangu, anahesabu vifungo, karatasi inapeperuka. Watu wanapita juu yake, hawana habari. Jioni wewe ukishapanda baiskeli yako, Bibi anatoka. Anaziokota moja moja, mpaka za mtaroni."

"Daktari amemkataza kuinama."

"Kamwambie wewe. Mimi nilimwambia, akaniuliza nimesomea udaktari lini, wakati suruali ya Juzer bado ina mguu mmoja mrefu."

Leticia hakuweza kucheka. "Anajua ni mimi?"

Masoud alikata uzi kwa meno. "Mwanangu, humo ndani mnauza wawili, na mmoja ni Bibi mwenyewe. Wateja wawili watatu wamekuja kuniuliza kama Bibi kabadili dini uzeeni. Nikawaambia wamuulize. Hakuna aliyethubutu."

Jioni ile Leticia aliendesha baiskeli hadi Nguvumali bila kuona barabara. Nyumbani alimweleza mama yake yote, akiwa amesimama mlangoni, na mama yake alisikiliza huku mkono wake umezuia gurudumu la cherehani.

"Jumapili utasimama useme nini?" Bertha aliuliza.

"Sijui. Mama, nikimwambia Bibi Sugra atanifukuza. Pengine na wewe hatakuuzia tena. Miaka ishirini, mama."

"Vifungo vinauzwa na wengine."

"Lakini wewe unampenda."

"Ndiyo." Bertha aliachia gurudumu. "Kwa hiyo utakwenda kesho, kabla hajafungua duka. Usimwache aanze siku nyingine akikungojea."

Asubuhi ya Jumamosi aliyemfungulia ni Shaista, akiwa na funguo mkononi na kanga mabegani, akamtazama usoni, akampisha apite, kisha akaenda kukaa kwenye ngazi. Bibi Sugra alikuwa tayari amekaa mahali pake na kikombe cha chai ya maziwa. Mkebe ulikuwa mezani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Bibi, karatasi za samawati zilizomo humo ni mimi niliyekuwa naziweka kwenye vifuko. Nilikuwa nazificha chini ya vifungo."

"Najua. Wiki ya pili hii nakungojea."

"Kwa nini hukunigombeza?"

Bibi Sugra alikiweka kikombe chini. "Ningekugombeza ungeacha. Ungeacha kwa kuniogopa mimi. Nilitaka kujua kama kuna mwingine unayemwogopa." Kisha sauti ikapanda. "Lakini nimekasirika, usidhani sikukasirika. Jicho linanichoma tangu Jumatano. Na jina la Mungu wako nimelitoa mtaroni, Leti, kati ya maganda ya machungwa. Siku ya kwanza nilikufundisha nini?"

"Kwamba jina la Mungu haliendi chini."

"Ukadhani namsema Mungu wa nani?"

Leticia alikuwa na kurasa mbili za ushuhuda ndani ya mkoba, na hakuna mstari hata mmoja uliofaa kujibu swali hilo. "Nilikosa," alisema. "Nilikosa kwako, na kwa wateja wako, na nimekuumiza jicho. Naomba unisamehe."

"Ngoja kwanza. Nina swali, na msamaha utafuata au hautafuata." Bibi Sugra alivua miwani. Jicho la kulia lilikuwa jekundu. "Yule mama wa Raskazone anayenijia mara moja kwa mwaka umempelekea habari yako. Mwalimu wa madrasa umempelekea, na shukuru Mungu kwamba karatasi yake niliiwahi pale barazani. Mimi umekaa nami wiki tatu. Umekula katika sinia langu. Umenishika kichwa ukanitia dawa. Hukuniambia hata neno moja. Mimi nina kasoro gani?"

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Leticia, kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuumia kwa kutoambiwa.

"Niliogopa, Bibi."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba ungeacha kunipenda."

Nje, Masoud alikuwa akiburuta meza yake kuipeleka kivulini.

"Haya," Bibi alisema hatimaye. "Sasa nakuuliza. Keti hapo, uniambie kwa mdomo wako."

Leticia aliketi. Aya nne za kipeperushi zilikuwa zimemtoka kichwani kama hazikuwahi kuwamo. Alibaki na mkebe mbele ya macho yake, na ile karatasi iliyounganishwa kwa utepe, na taswira ya mwanamke wa miaka sabini na mitatu akiinama barazani wakati daktari amemkataza.

"Tunaamini," alianza polepole, "kwamba Mungu aliwaona watu wake wameanguka chini. Wengine wamekanyagwa na wenzao, wengine wamejitupa wenyewe. Angeweza kutuma maneno tu kutoka juu, na kweli alikwisha kuyatuma mengi. Lakini safari hiyo hakutuma karatasi, Bibi. Alikuja mwenyewe, ndani ya Yesu. Aliinama. Alikula na watu ambao wenzao hawakutaka kukaa nao. Aliwagusa wagonjwa waliokuwa hawaguswi. Watu hawakulivumilia jambo hilo, wakamuua msalabani, naye akawaombea msamaha wakati wanamuua. Tunaamini mauti hayakumweza, kwamba yu hai." Alifuta uso kwa kiganja. "Na kwamba hakuna aliye chini kiasi ambacho yeye hamfikii. Ndiyo maana nimeweza kuja hapa leo kusema kosa langu. Mimi mwenyewe ni mtu aliyeokotwa."

Bibi Sugra alikuwa anazungusha kikombe chake kilichokwisha chai.

"Mungu hainami, Leti," alisema, bila ukali. "Sisi ndio tunaoinama."

"Najua ndivyo mnavyoamini."

"Isa tunamheshimu, na mama yake pia. Hilo la msalaba hatulisemi kama mnavyolisema."

"Hapo ndipo tunapotofautiana, Bibi."

"Basi sasa najua ni wapi, na nimepajua kutoka kwako. Dini yangu ninayo, na nitazikwa nayo." Aliisogeza miwani yake kando. "Nimekusamehe. Ningekuwa sikukusamehe ningekwambia uketi? Sasa nitie dawa, jicho linawaka."

Leticia alinawa mikono, akamshika Bibi kichwa kama kila siku, akadondosha tone moja, na jingine.

"Na wateja wangu?" Bibi Sugra aliuliza, macho yakiwa yamefumbwa. "Wanaodhani nimebadili dini uzeeni, kama Masoud anavyonieleza. Hao utawafanyaje?"

"Sijui bado."

"Fikiri. Wewe ndiye uliye chuo kikuu."

Alipogeuka kurudisha chupa ya dawa, alimkuta Shaista bado amekaa kwenye kipandio cha tatu cha ngazi, funguo zikiwa mapajani. Alikuwa amesikiliza tangu mwanzo.

"Miaka miwili tumekaa bweni moja," Shaista alisema. "Umenialika kwenye makongamano. Umeniuliza habari za kufa nikiwa na beseni. Hiyo ya Mungu anayekuja kuokota hukuwahi kuniambia."

"Unaiamini?"

"Hapana." Shaista alisimama, akazungusha funguo kidoleni. "Lakini hiyo ningependa kuisikia mpaka mwisho. Na nina maswali, nayo si ya kujibiwa kwa karatasi. Kesho hao wenzako wanakutana saa ngapi?"

Jumapili baada ya ibada vijana walikusanyika katika ukumbi mdogo wa usharika. Godlisten alisimulia habari za stendi, akapigiwa makofi. Queen alisimulia jinsi alivyobandika vipeperushi vyake kwenye milango ya mtaa mzima alfajiri, kabla watu hawajaamka, naye akapigiwa makofi. Kwenye benchi la nyuma alikaa Shaista, ambaye alipoulizwa mlangoni kama ni mgeni wetu katika Bwana alijibu kwamba yeye ni mwakilishi wa Bibi yake.

"Dada Leticia," mwinjilisti Fanueli aliita. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kupata kiongozi wa safari. Leticia alikuwa amemtumia idadi yake wiki iliyopita. "Themanini na vitatu, tena kimya kimya. Tuambie Bwana alivyotenda."

Leticia alisimama na daftari. Kurasa mbili za ushuhuda alikuwa amezifuta kwa mistari jana jioni. Kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya lile swali, alikuwa ameandika sentensi moja tu: *Ningeanza kwa kumwambia jina langu.* Hakusoma chochote. Alisimulia tu. Alisimulia vifuko, na vifungo juu ya karatasi, na alama ya kandambili. Alisimulia mkebe. Alipofika kwenye ile karatasi iliyounganishwa kwa utepe, Queen aliinamisha kichwa. Alipofika kwenye swali la Bibi Sugra, kwamba yeye ana kasoro gani hata asiambiwe, Godlisten naye akainama.

Fanueli hakukasirika. Alikaa akiwa ameshika boksi tupu la vipeperushi magotini, kama mtu aliyeulizwa kitu na yeye. "Mimi ndiye niliyewapa kazi ya kuhesabu," alisema. "Hilo ni langu." Kisha akamtazama. "Lakini Tongoni bado ni Jumamosi ijayo, dada Leticia, na hapa sioni mwingine ambaye ningependa aongoze. Umeamuaje?"

Leticia aliitazama safari hiyo kwa mara ya mwisho moyoni mwake. Kisha alitoa kwenye mkoba vipeperushi kumi na saba vilivyobaki, akaviweka mezani mbele ya mwinjilisti, vikiwa vimenyooka.

"Tongoni sitakwenda," alisema. "Jumamosi nitakuwa dukani, na kila siku mpaka chuo kitakapofunguliwa. Kila mteja niliyemtilia karatasi, akirudi nitamwambia kwamba aliyeiweka ni mimi, Leticia wa Nguvumali, wala si Bibi Sugra, na nitamwomba radhi. Atakayetaka kujua ilikuwa inasema nini, nitamwambia kwa mdomo wangu, mchana, nikimtazama usoni, na akiwa na jibu nitakaa nilisikilize mpaka amalize. Nitaanza leo. Shaista yule pale ana maswali, nami nimemwahidi kwamba sitaondoka kabla hajaniuliza yote."